Usukani wa Hilux ya zamani umelegea: usianze na boksi la stelingi

Mkuu, usukani kucheza kabla tairi hazijafuata, kwa pikapu ya umri huo mara nyingi ni tairodi endi (viungo vya mwisho vya fimbo zinazogeuza tairi). Boksi la stelingi (lenye gia zinazopokea mzunguko wa usukani) linaoga mafuta muda wote, endi zinakula vumbi na mashimo. Gari likiwa chini, hendibreki juu (kama stelingi ni ya pawa, injini iwake), mwenzio atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, wewe chungulia kwa chini. Fuata kuanzia boksi, mkono wake, kisha fimbo moja moja. Ukiona upande mmoja wa kiungo unasogea na wa pili umetulia, umeshapata ugonjwa. Halafu piga jeki utikise tairi: ikicheza kushoto-kulia tu mara nyingi ni endi, ikicheza na juu-chini angalia beringi, boli jointi au kingpini (viungo ambavyo tairi hugeukia).

Skrubu ya juu ya boksi, ya kupunguza mchezo wa gia, iwe ya mwisho kabisa, matairi yamenyooka, na usizidishe robo mzunguko. Mafundi wengi hukimbilia hapo, wanakaza mpaka usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na hiyo ni hatari kuliko kulegea. Ukibadilisha endi, pitia alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi).