Uchovu wa mwalimu unaanzia wapi: jibu kwa mwalimu mpya wa Kibosho

Mdogo wangu mleta mada, pole sana. Umeandika kwamba uko mwaka wa kwanza kazini, shule ya msingi huko Kibosho, usingizi umekupaa, Jumapili jioni moyo unaanza kwenda mbio, na unauliza kama ualimu ndivyo ulivyo au ni wewe tu huuwezi. Wachangiaji waliotangulia wamekujibu kwamba ualimu ni wito, na anayelalamika hakuitwa. Mimi nafundisha msingi tangu 2007, nilianzia Longido na sasa niko Moshi Vijijini, na sikubaliani nao hata kidogo. Nimeona walimu wazuri wakinyamazishwa kwa kauli hiyo mpaka wakaugua.

Kwa niliyoyaona, mwalimu hachoshwi sana na kazi aliyoisomea. Anachoshwa na kudaiwa matokeo ya mambo asiyoyaamua yeye. Ukilielewa hilo mapema, mengi yanayokusumbua utayapa jina, na utaacha kujilaumu.

Chukua idadi ya watoto. Kiwango cha serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani waliletwa shule, na hilo ni jambo jema ambalo nisingependa mtu aliondoe. Ila walimu na madarasa hayakuongezeka kwa mwendo ule. Nimefundisha hisabati mkondo mmoja wenye watoto zaidi ya 90. Piga hesabu: ukilipa kila daftari dakika moja tu, daftari 90 ni saa moja na nusu, na hapo ni somo moja la darasa moja. Halafu dakika moja yenyewe haitoshi. Mtoto ameandika 503 kutoa 278 ni 375. Ukitazama haraka unaweka mkasi unapita. Ukitulia unaona kwamba kwenye kila safu amechukua tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: nane toa tatu, saba toa sifuri, tano toa mbili. Mtoto huyo si mzembe, ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu kabisa, na kumrekebisha kunahitaji umwite mezani, mkae naye dakika tano na vijiti. Hizo dakika tano huna. Unajua la kufanya, unajua jinsi ya kulifanya, na huna nafasi. Hiyo ndiyo inayomkosesha mwalimu usingizi.

Juu ya hapo kuna makaratasi: azimio la kazi, andalio la somo, shajara. Hayo hayanisumbui, ni sehemu ya kazi na yananisaidia. Kinachovuruga siku ni ujumbe wa WhatsApp unaoingia saa tano asubuhi ukitaka takwimu za madawati, au za watoto wenye mahitaji maalumu, "zifike kabla ya saa nane". Unaacha kipindi unaanza kuhesabu. Tangu OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi, iondolewe ikaja PEPMIS, majukumu na utekelezaji tunajaza mtandaoni, kwa simu zetu na bando zetu, na kwenye shule za huku milimani mtandao una siku zake. Ukiwa na zamu wiki hiyo, ndiyo kabisa. Usafi, mstari, makande ya watoto yameiva au hayajaiva, aliyeanguka akaumia, kitabu cha zamu kijazwe kabla hujaondoka.

Sasa nije kwenye kikao cha tathmini ya matokeo, maana naona hujakifikia na nataka kikukute umejiandaa. Darasa la saba wanafanya masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni A, 181 ni B, na 121 ndiyo C ya kufaulu. Nilipokea darasa la tano mtoto asiyeweza kusoma sentensi nzima. Anaishi na bibi yake, asubuhi anakata majani ya ng'ombe kabla ya kuja shule, anafika na umande mpaka magotini. Nilianza naye silabi kama wa darasa la kwanza, wakati wa mapumziko, kwa kitabu cha KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) nilichoazima kwa mwalimu wa awali. Alimaliza la saba na C. Siku ya kikao, matokeo yalipobandikwa, C yake ilikuwa kwenye fungu la waliotushusha, kwa sababu mwaka ule lengo lilikuwa A na B. Nikasimamishwa nieleze.

Nilieleza. Nilikuwa nimezoea kuandika kwenye daftari langu, kila Januari, hali ya kila mtoto anavyonifikia: anasoma silabi, anasoma neno, anasoma aya, anajua kutoa kwa kukopa au hajui. Nikawasomea alipoanzia mtoto yule na alipofikia. Kikao hakikunipigia makofi, lakini mwalimu mkuu wetu aliliomba daftari, na mwaka uliofuata walimu wote tukatakiwa tuwe na orodha ya namna hiyo. Anza na wewe. Haipunguzi watoto darasani, ila inakupa ushahidi wa kazi yako iliyo mikononi mwako, na mtu akikudai kisichokuwa mikononi mwako unakuwa na la kusema.

Kuna na hili la mtaala. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Maana yake mwaka 2027 walioingia la tatu 2024 watamaliza la sita, na waliokuwa mbele yao watamaliza la saba, mwaka mmoja. Mwalimu mmoja anashika mitaala miwili, kiongozi cha mwalimu mkono huu na muhtasari wa zamani mkono ule. Walimu wa zamani nao wanahangaika na hili, kwa hiyo usidhani wenzako wanajua kitu ambacho wewe peke yako hukukipata chuoni.

Na naomba niseme jambo gumu. Hasira ya mwalimu aliyechoka mara nyingi inaishia mgongoni kwa mtoto. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na ni mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa. Kukosea hesabu si kosa kubwa. Ukiona mkono unaanza kuwa mwepesi, toka nje, mwachie kiranja darasa, unywe maji. Hiyo ni dalili yako wewe, mtoto hahusiki.

Turudi nyumbani, maana umeandika kwamba unaishi kwa wazazi. Wengi wanadhani kupangiwa karibu na nyumbani ni kupumzika. Mimi nikiwa Longido nililia upweke, mume yuko Moshi na uhamisho unasubiriwa miaka. Nilipohamia huku nikakutana na mengine. Huku uchagani ukiwa mwalimu, wewe ndiye katibu wa kila kamati. Msiba Jumamosi, wewe ndiye unaandika michango. Kipaimara, wewe. Ndugu wote wanajua tarehe mshahara unapoingia, ila hakuna anayejua kinachobaki. Waonyeshe salari slipu angalau mara moja, mama na baba, bila aibu. Mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5, bima ya afya ya NHIF asilimia 3, chama chetu cha walimu, CWT, asilimia 2. Kama ulisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 nyingine. Robo nzima imeondoka na kodi bado haijahesabiwa. Mimi nilipomwonyesha mama mkwe, hakusema neno, lakini Januari ile hakunitajia sare za watoto wa shemeji.

Kwa sisi tulio na watoto kuna maumivu mengine. Jioni nimefundisha watoto wa watu toka asubuhi, wangu anafungua begi lake anataka nimweleze sehemu, na sina sauti. Mume wangu ndiye alichukua kazi hiyo, anakaa naye mezani mimi nikipika. Ambao hamjaolewa na mnapanga kuolewa, hili liongeleeni kabla.

Kwenye pesa nataka unisikilize sana, kwa sababu Januari inakuja na wakopeshaji watakufuata. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara baada ya makato. Benki wanalifuata hilo. Kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hawalifuati, kwa sababu hawapiti kwenye makato. Wanachukua kadi yako ya benki na namba ya siri. Mwenzangu wa kituo cha zamani alikopa 300,000 mtoto wake alipoingia bweni kidato cha kwanza, riba asilimia 30 kwa mwezi. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anatoa 90,000 yake ya riba kabla mwenye mshahara hajashika shilingi, na deni linabaki palepale. Miezi minne ametoa 360,000 na bado anadaiwa 300,000. Tulikuwa tunamwona anakaa pembeni mapumziko, hanywi chai nasi, tukadhani amenuna. Alipokuja kusema, walimu wa kituo tulimpa zamu ya kwanza kwenye mchezo wetu wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, akalipa deni lote siku hiyohiyo, akarudishiwa kadi, akabadilisha namba ya siri hapohapo kwenye mashine. Darasani kwake palibadilika ndani ya wiki. Watoto wake walianza kucheka tena.

Kwa hiyo ingia kwenye mchezo au SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya walimu mapema, hata kwa kiasi kidogo. Na ukibanwa, waambie wenzako wa ofisini kabla hujamwambia mtu mwenye duka la mikopo stendi.

Sasa kuhusu afya yako. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliuingiza uchovu wa kazini kwenye ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za afya. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haujadhibitiwa. Alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuanza kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona unachofanya hakina matunda. Wewe umetaja mbili, na hujasema kwamba umewachukia watoto. Umeandika hata jina la utani la yule mtoto anayekuletea parachichi. Mwalimu aliyekwisha kabisa haandiki hivyo.

Lakini kukosa usingizi wiki nyingi mfululizo na moyo kwenda mbio si vya kuvumilia kwa sala peke yake. Sala endelea nazo. Hospitali ya Mawenzi pale Moshi pana huduma ya afya ya akili, na hospitali ya KCMC pia, na bima yako tayari inakatwa. Pima na presha, maana walimu wengi tunaijua presha yetu tukiwa tumeshaanguka. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa ya siku moja kwa maandishi, kwa sababu ya matibabu, huhitaji kumweleza zaidi ya hapo. Vipindi vyako panga na mwalimu wa darasa jirani, umwachie zoezi ubaoni.

Umeuliza pia kama uombe uhamisho wa kwenda mjini. Shule za Moshi mjini, Majengo au Pasua, zina watoto wengi kuliko huko, na kodi ya chumba utaongeza. Mimi ningesubiri uthibitishwe kazini kwanza, usingizi ukurudie, ndipo uamue ukiwa na akili iliyotulia. Maombi yenyewe siku hizi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, hakuna haja ya kumlipa mtu yeyote anayedai atakusaidia kuyapitisha, na wako wengi wanaowanyemelea walimu wapya kwa hilo.

Hospitali nenda wiki hii. Ukitoka huko niandikie faragha, kuna kundi letu dogo la walimu wa tarafa hizi, tunakutana Jumamosi moja moja Kiboriloni baada ya soko, tunasaidiana zana na kusahihisha mitihani ya majaribio kwa kubadilishana. Nitakuunganisha.