Umewaambia barabara ipi?

Kalavati la njia ya zahanati liliposombwa na mvua za masika, niliingia kwa hasira kwenye ukurasa wa Instagram wa ofisi moja ya umma hapa mkoani Lindi. Walikuwa wamebandika picha ya kikao na kuandika kwamba wanakaribisha maoni ya wananchi. Nikaandika: "Barabara mbovu, mmetusahau." Maoni yangu yakazama chini ya "hongera mheshimiwa" nyingi. Wiki mbili, kimya.

Shangazi yangu, aliyewahi kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, aliposikia nalalamika akaniuliza, "Mwanangu, umewaambia barabara ipi?"

Sikuwa nimewaambia. Nikaandika upya: jina la kijiji na kitongoji, kalavati lilisombwa tarehe ngapi, mtendaji alipewa taarifa lini, na kwamba wajawazito wanavushwa kwa kubebwa. Nikaweka picha moja ya mchana, pikipiki ikiwa kando ya shimo ili ukubwa wake uonekane. Mwisho swali moja tu: mtaalamu wa barabara atakuja lini kukagua? Siku ya tatu nikajibiwa.

Anayesoma maoni yako ni afisa habari. Yeye hajengi kalavati. Kazi yake ni kuipeleka hoja kwenye meza nyingine, na hawezi kupeleka hasira. Andika kama unavyomwelekeza bodaboda mgeni anayekuja kwako usiku. Namba yako ya simu usiiache hadharani, wala picha ya mgonjwa. Wakizihitaji, watumie kwa ujumbe wa faragha.

Nanyi maafisa habari, nawaomba kitu. Kutangaza mnaweza: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilitufikia simuni mapema, tukavuta mitumbwi juu. Ila "toeni maoni" bila kutuwekea cha kukitolea maoni haitusaidii. Mwaka 2011 huko Iceland, baraza la watu 25 lililoandika rasimu ya katiba liliibandika mtandaoni kadiri lilivyoiandika, na watu wakachangia hata kupitia Facebook. Rasimu ile bunge lao halikuipitisha, lakini wachangiaji walikuwa na maandishi mbele yao. Tuwekeeni bajeti ya kata, tuulizeni kipi kitangulie.

Wengi kijijini hawana simu janja. Shangazi ana kitochi, na nilimwonyesha *152*00#, ambako mtu anaweza kufika e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea maoni ya wananchi, na kutuma lalamiko, pongezi au pendekezo bila bando.

Jibu la mtandaoni nalo lisibaki simuni mwako. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa walau kila miezi mitatu. Langu nililipiga picha ya skrini, nikasimama mkutanoni nikalisoma pamoja na tarehe yake, na mtendaji akaliingiza kwenye muhtasari.