Diski yako si mbovu: maswali yenu kuhusu Xenogears

Nililigusia Xenogears hapa kwa mistari miwili tu, tangu hapo maswali hayajakatika. Basi leo tulimalize. Kwa asiyelijua, ni gemu la Kijapani la hadithi ndefu, la kampuni ya Square, lililotoka mwaka 1998 kwenye PlayStation ya kwanza, diski mbili. Fei, kijana mchoraji asiyekumbuka utoto wake, anaishi katika kijiji cha Lahan. Usiku wa kuamkia harusi ya rafiki zake, maroboti makubwa ya vita yanashuka kijijini yakipigana. Yanaitwa Gear, jina ambalo kwetu ni la kwenye daladala, lakini mtazoea. Fei anaingia ndani ya roboti moja ili awaokoe wenzake, na kunapopambazuka kijiji hakipo, na aliyekiteketeza ni yeye. Mbele yako kuna saa hamsini au sitini za kutafuta ni kwa nini.

Miaka ile nilinunua CD za kuchoma. Ya kwanza ilicheza vizuri. Nikaweka ya pili, nikaona mtu kaketi kwenye kiti gizani anasimulia, maandishi yanapita tu. Nikairudisha dukani, nikapewa nyingine, ikawa vilevile. Niliibiwa? (Tanga)

Hukuibiwa, kaka, na mwenye duka unamdai radhi. Diski ya pili ndivyo ilivyo. Fei au Elly, mhusika mkuu wa kike, anakaa kitini, nyuma yake kidani cha msalaba kinabembea, naye anakusimulia: tulikwenda pale, tukakuta hiki, mji ukaanguka. Unapewa bosi mmoja, yaani adui mkubwa, umpige, kisha kiti tena. Ramani uliyozoea kuizunguka inarudi mwishoni kabisa.

Kwa miaka mingi wapenzi wa gemu hili walilishana hadithi kwamba fedha ziliisha, au zilihamishiwa Final Fantasy VIII, gemu jingine la Square. Mwaka 2017 mkurugenzi wake, Tetsuya Takahashi, alieleza mwenyewe kuwa kilichowashinda ni muda. Timu ilikuwa na vijana wengi wageni wa kazi, teknolojia ya 3D nayo ilikuwa ngeni, ratiba ikawatupa mkono. Wakaambiwa gemu liishie diski ya kwanza. Yeye akaomba: kwa watu na siku tulizobakiwa nazo, tuache tusimulie, ila tufike mwisho.

Mimi nakubaliana naye, ingawa si kwa moyo mweupe. Diski ya kwanza inakatika pale siri kubwa inapofunguliwa. Kuishia hapo ni sawa na bibi kukusimulia ngano, jini likianza kutoka kwenye chupa, yeye akaaga akalale. Lakini kila nikirudia gemu hili nakasirika palepale. Watu wa nchi nzima wanabadilika maumbile, dunia inaanguka, na mimi naambiwa. Sipelekwi. Lahan nilipelekwa: nilitembea, nikazungumza na watoto, nikatumwa kwa daktari Citan kuazima kamera ya harusi. Ndiyo maana kijiji kile kilipoungua niliweka padi chini. Diski ya pili ina misiba mikubwa mara mia kuliko wa Lahan, na hakuna hata mmoja ulionifanya niweke padi chini.

(Halikuwahi kutolewa rasmi Ulaya, kwa hiyo nakala zile za vichochoroni zilikuwa za Marekani, zikichezwa kwenye mashine zilizotiwa chipu. Mfumo wao wa picha haukulingana na TV zetu, na picha ikikosa rangi tulimlaumu fundi wa TV.)

Shikamoo anko. Wanasema vita vyake ni vya kubonyeza vitufe tu bila akili. Kweli? (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Nusu kweli. Ukipigana kwa miguu, kila zamu una pointi za kutumia: pembetatu ni pigo jepesi la pointi moja, mraba ni mbili, X ni tatu. Ukirudiarudia mpangilio fulani, mhusika anajifunza pigo maalumu la kuangamiza. Saa kumi za mwanzo utamu wake hauelezeki, kwa sababu vidole vyenyewe ndivyo vinavyojifunza kungfu. Baadaye unaligundua pigo lenye nguvu kuliko yote na huna haja ya mengine.

Ndani ya roboti mambo hugeuka. Kila pigo linakula mafuta, na mafuta yakiisha katikati ya bosi umekwisha. Hapo unapiga hesabu kama dereva wa lori la masafa. Kasoro ni kwamba nguvu ya roboti inatokana zaidi na injini, fremu na deraya ulizonunua kuliko ufundi wako. Ukifika kwa bosi na injini ya zamani, ujanja wako wote haukusaidii. Kwa hiyo ukifika mji mpya, anza na duka la vipuri, salamu baadaye.

Mwanangu wa miaka 15 analicheza kwenye simu. Nimepita nyuma yake nikaona maroboti yametundikwa msalabani. Nimwache aendelee? (Mombasa)

Dada, umeona sawasawa, tukio hilo limo, na mahali penyewe panaitwa Golgoda. Hofu yako hata Square waliwahi kuwa nayo, walisitasita kulipeleka gemu hili Marekani kwa sababu ya mambo ya dini. Katika toleo la Kijapani lipo shirika linaloitwa Kanisa waziwazi. Kwa Kiingereza likageuzwa kuwa Ethos.

Sasa ndani yake kuna nini? Kuna "mungu" aitwaye Deus, lakini huyo ni silaha iliyotengenezwa na binadamu kisha ikawashinda. Kuna padri kijana, Billy, anayelea mayatima kwa imani ya kweli, kisha anagundua kuwa wakubwa wake wanatumikia dola iliyofichika. Gemu halimcheki Billy kwa kuamini. Hasira yake iko kwa waliomtumia. Kwa hilo nalisifu, maana waandishi wengi wa magemu wakigusa dini wanaishia kuweka papa mwovu na kwaya ya Kilatini.

Palipo na udhaifu ni kwenye majina. Takahashi na mkewe Kaori Tanaka, walioiandika hadithi hii, walikuwa wamesoma Freud na Jung, wale wachambuzi wa nafsi, na imani za kale za Wagnosti, na wanataka ujue kwamba wamesoma. Pengine kina kinakuja kweli: akili ya Fei iliyopasuka vipande imejengwa kwa uangalifu, na jibu lake ni la kuumiza. Pengine ni nakshi tu, mlango umechongwa vizuri na nyuma yake hamna chumba.

Marekani liliwekwa daraja la vijana, kuanzia miaka 13. Mimi ningemwacha, ila ningekaa naye. Mwambie pia kuna kiwanda fulani cha chakula mbele ya safari ambacho kiliniondolea mimi, mtu mzima, hamu ya nyama ya kopo.

Elly ameniudhi. Anaanza kama askari, anaishia kusubiri kuokolewa. Ni mimi peke yangu? (Nakuru)

Si wewe peke yako, na kwangu hili ni kosa kubwa kuliko kiti.

Mkumbuke Elly wa msituni. Ni ofisa wa jeshi la Solaris, ile dola iliyofichika, amepotea kwenye ardhi ya watu aliofundishwa kuwadharau, anakutana na Fei anayejililia, na anamwambia kweli kavu bila kumbembeleza. Wote wawili wana damu mikononi kwa usiku uleule wa Lahan, na hakuna kati yao anayejua akae vipi mbele ya mwenzake. Baadaye kuna dawa ambayo jeshi lake linawadunga askari ili wapigane bila woga, na yeye anaiogopa kwa sababu anajua inamgeuza nani. Huyo ni mtu. Ana cheo, ana wazazi, ana aibu.

Kisha hadithi inamhitaji awe alama. Anakuwa mama wa majeruhi, mtakatifu, sura ya mwanamke mmoja anayerudi kizazi baada ya kizazi, na mwishowe chambo. Naelewa kwa nini hadithi inaelekea huko, na kuna siri inayolifanya lazima. Lakini alama haina ubishi, na Elly alikuwa mzuri alipokuwa mbishi.

Wengine walipata afadhali kidogo au walikosa kabisa. Bart, mwana wa mfalme aliyegeuka haramia wa jangwani, anapewa sura nzima na anaitumia. Maria ana kisa cha baba yake kinachoweza kukutoa machozi, kikiisha anabaki abiria. Rico, bingwa wa uwanja wa mapigano kule Kislev, ana swali la baba yake ambalo linawekwa mezani na haliondolewi tena.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitalimudu? (Kigoma)

Utalimudu. Maandishi yanatembea polepole kama mzee anayepanda ngazi, jambo linalowakera wengine lakini wewe litakufaa. Weka kamusi jirani. Sentensi zikikushinda usijilaumu kila mara: Richard Honeywood na wenzake wachache walitafsiri mlima wa maneno chini ya shinikizo, na kuna mahali hata Mwingereza hurudia kusoma.

Mnara wa Babel. Nimeanguka mara tisa. (Kampala)

Pole sana. Wahusika ni picha bapa na mazingira ni 3D, kwa hiyo jicho halipimi umbali. Zungusha kamera kwa L1 na R1 hadi jukwaa liwe mbele yako moja kwa moja, ndipo uruke. Na maadui wanaweza kukuvamia ukiwa hewani, vita vikiisha ukajikuta unaanguka. Aliyebuni hilo sina la kumtetea.

Mwishoni pameandikwa kwamba hii ni sehemu ya tano. Nne za kwanza nizitafute wapi? (Bujumbura)

Usizitafute, hazikutengenezwa. Mpango ulikuwa sehemu sita, umeelezwa kwenye kitabu kilichochapishwa Japani mwaka 1998, na ndipo unapobaini jinsi hadithi ilivyokuwa kubwa kuliko chungu. Yenyewe ilianza kama pendekezo la Final Fantasy VII, ikaonekana nzito na yenye giza mno, wakaruhusiwa waifanye kivyake. Mwaka 1999 Takahashi alianzisha Monolith Soft, akajaribu tena kwa Xenosaga. Ikapangwa sita, zikatoka tatu kati ya 2002 na 2006. Ni kwa Xenoblade Chronicles ya mwaka 2010, tayari wakiwa chini ya Nintendo, ndipo aliposimulia hadithi moja kubwa na kuifikisha mwisho kwa miguu yake.

Ukiwa na Switch, mashine ya Nintendo, Xenoblade ni rahisi kuipata na haina kiti. Hata hivyo wewe umeshafika mwisho wa Xenogears, kwa hiyo huogopi viti.

Wimbo wa mwisho unaimbwa na nani? (Zanzibar)

Joanne Hogg, kwa muziki wa Yasunori Mitsuda. Unaitwa Small Two of Pieces, na Kiingereza cha jina hilo hakijanyooka hata kwa wenyewe, usihangaike kukitafsiri.