Mshahara haujapungua, mbona moyo umekuwa mzito?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeajiriwa kwa miaka tisa na kipato changu kinanitosha. Hata hivyo, tangu nilipofahamu kwamba mwenzangu tuliyeanza naye kazi siku moja analipwa karibu mara mbili yangu, raha imenitoka, usingizi umepungua, na nikiona mali za watu najihisi mnyonge. Ndugu zangu wanasema ni kijicho. Je, tofauti ya kipato inaweza kumwumiza mtu nafsi hata kama hana njaa?

JIBU: Ndugu msomaji, inaweza, na sikubaliani na ndugu zako. Mwaka 2012 David Card na wachumi wenzake watatu walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, ambao mishahara yao, kwa kuwa ni watumishi wa umma, ilikuwa imewekwa wazi katika tovuti ya gazeti moja. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa kubahatisha, walijulishwa kwamba tovuti hiyo ipo. Miongoni mwa waliojulishwa, wale waliolipwa chini ya wenzao wa idara na kazi ileile walipungua kuridhika na ajira yao na wakaelekea zaidi kutafuta nyingine, ilhali waliowazidi wenzao hawakuongezeka kuridhika. Mifukoni mwao hakuna kilichobadilika. Walichopata ni habari tu, kama wewe.

Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi hujipima kwa watu wanaofanana naye, na nadhani ndiyo sababu mshahara wa mwenzako unakuchoma kuliko utajiri wa bilionea usiyemjua. Baadaye, mwaka 2000, mwanasaikolojia Nancy Adler na wenzake waliwaonyesha watu picha ya ngazi yenye vipandio kumi na kuwaomba waonyeshe wanakojiona wamesimama katika jamii. Mahali mtu alipojiweka palihusiana na afya yake, hata baada ya kipato na elimu yake kuzingatiwa. Lakini uhusiano huo una njia mbili: mtu aliyelemewa na sonona naye huelekea kujiona yuko chini kuliko alivyo.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni haki. Mchumi Albert Hirschman alitoa mfano mwaka 1973 wa magari yaliyokwama ndani ya handaki lenye njia mbili zinazoelekea upande mmoja: njia ya pili ikianza kusonga, wa njia ya kwanza hufurahi, wakiamini zamu yao inakaribia; wasiposogea, furaha hugeuka hasira, hasa wakishuku kwamba kuna hila. Wanasaikolojia Shigehiro Oishi, Selin Kesebir na Ed Diener nao walichambua takwimu za Marekani za kuanzia 1972 hadi 2008, wakaona kwamba katika miaka ya pengo kubwa zaidi la kipato watu wa kipato cha chini na cha kati hawakuwa na furaha kama katika miaka mingine, na kilichoeleza hali hiyo hakikuwa kiasi cha fedha zao, bali kupungua kwa imani kwamba wengine ni waaminifu na watenda haki. Hapo ndipo ninapoona kidonda chako: hujui kwa nini mwenzako alizidishiwa. (Sisemi haya kuhusu mtu anayekosa mahitaji ya lazima, huyo huumizwa na ufukara wenyewe, na kumwambia abadili mtazamo ni kumdhulumu.)

Kwa hiyo, mwombe mwajiri wako, kwa maandishi na kwa heshima, akueleze vigezo vinavyotumika kupanga mishahara, bila kumtaja mwenzako kama mshtakiwa. Huenda kuna sababu utakayoikubali, na huenda ukagundua kwamba umedhulumiwa kweli, jambo ambalo lina njia zake za kudaiwa. Kuhusu usingizi, usingoje jibu la mwajiri: ikiwa hali hiyo imedumu zaidi ya wiki mbili, mwone daktari au mshauri nasaha, umweleze yote uliyotuandikia hapa.