Usiazime pointi kwenye michezo, azima namna inavyomruhusu mtu kuanza upya

Mkuu, umeuliza kama pointi, beji na jedwali la vinara vitawazuia watu kuifuta programu yako ya afya ya akili baada ya siku chache. Nakujibu kama mtu aliyeishi na sonona kwa miaka, akatumia programu nyingi za namna hii, kisha akasaidia kundi moja kuifanyia majaribio ya kwao.

Hofu yako ina msingi. Mwaka 2019 Amit Baumel na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili. Ukichukua programu ya katikati katika orodha hiyo, siku ya 15 ni asilimia 3.9 tu ya watumiaji waliokuwa bado wanaifungua. Siku ya 30, asilimia 3.3.

Lakini pointi haziponyi hali hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliokusanya tafiti 38 za programu za sonona haukuona tofauti ya maana kati ya zenye vionjo vya michezo na zisizo navyo, si katika kupunguza dalili wala katika kuwafanya watu waendelee. Kwenye majaribio yetu niliona sababu mojawapo: ukimlipa mtu pointi kwa kujaza hali yake ya moyo, atajaza haraka haraka achukue pointi zake. Shajara inajaa, ila haina ukweli ndani yake.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hesabu ya siku mfululizo, ile namba inayoonyesha umeitumia programu siku ngapi bila kukosa hata moja. Siku ukiwa mzima inapanda yenyewe, wala huihitaji. Sonona ikikubana hadi kunyanyuka kitandani ni kazi, siku hiyohiyo namba inarudi sifuri. Kichwa chako kimeshakuambia tangu asubuhi kwamba hufai, na sasa simu nayo inathibitisha. Nilikuwa naziona arifa, nazifuta, kesho yake naogopa hata kuifungua programu, mwisho naiondoa kabisa. Wengi kwenye majaribio walisimulia hivyohivyo. Kwa hiyo hesabu jumla ya siku alizowahi kufanya, namba isiyoshuka kamwe. Akipotea mwezi mzima akarudi, mkaribishe bila kumtajia alivyopotea, umpe jambo dogo la kuanzia.

Jedwali la vinara litoe. Mtu mwenye wasiwasi hana haja ya kujua nani amemzidi.

Mchezo mzuri una mambo mawili ninayotamani uyachukue: ukishindwa unaanza tena papo hapo bila kusemwa, na ugumu unapanda kadiri unavyoweza. Programu iliyonishika kwa muda mrefu ilikuwa na kazi ndogo ndogo nilizozichagua mwenyewe, kila moja kwa ukubwa wa aina tatu. Siku ya nguvu, natoka kutembea. Siku ya kati, nasimama mlangoni nje kidogo. Siku mbaya, nafungua pazia. Zote zilihesabika sawa, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba siku mbaya nayo ina kitu ninachokiweza.

Ukiwa na uwezo zaidi, itazame SPARX, mchezo wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Hapo tiba ndiyo mchezo wenyewe: kijana anapita katika ulimwengu wa kubuni akipambana na mawazo ya huzuni, na humo anajifunza stadi za tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba inayomfundisha mtu kubadili mawazo na mazoea yanayomuumiza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012, lenye vijana 187, lilionyesha haikuzidiwa na huduma ya kawaida waliyokuwa wakipewa wenzao.

Na kitufe cha kumpata mtu wa kuzungumza naye wakati wa hatari kiwe wazi kwenye kila ukurasa, tangu dakika ya kwanza. Kisifungwe nyuma ya hatua yoyote, na kukibonyeza kusiongeze wala kupunguza chochote.