Soul ndani ya pop: maswali ya wanaorekodi albamu ya kwanza

Prodyuza amenyoosha sauti yangu kwa Auto-Tune, programu ya kurekebisha noti, hadi sijitambui. Nimwombe nini?

Mwombe asinyooshe wimbo mzima kwa mkupuo. Mwimbaji wa soul huteleza kuifikia noti, huitetemesha mwishoni, na pengine huikalia chini kidogo makusudi. Kasi ya urekebishaji ikiwekwa 0, miteremko hiyo yote hukatwa ikawa ngazi, na hapo ndipo roboti huzaliwa. Jaribuni milisekunde 40 hadi 60. Dawa hasa, hata hivyo, iko kwenye kurekodi: imba wimbo mara tano au sita, chagueni rekodi yenye hisia kuliko zote iwe msingi, kisha mzibe mistari iliyoharibika kwa vipande vya nyingine. Noti chache zitakazobaki zirekebishwe moja moja kwa mkono. Msichague msingi kwa usafi wa noti. Noti hurekebishika, hisia haziongezwi baadaye.

Kiitikio kikiingia, sauti yangu inazama. Niipandishe?

Bado. Kinanda, gitaa na sinthesaiza hugombea masafa yale yale yanayobeba maneno, hezi 1,000 hadi 4,000. Punguzeni hapo desibeli 2 au 3 kwenye ala, na kama kuna ala inayopiga melodi yako noti kwa noti, itoeni kabisa. Kisha imba kiitikio mara mbili zaidi, moja iwekwe kushoto na nyingine kulia, zikiwa chini sana ya sauti kuu. Kunakili rekodi ile ile hakusaidii: nakala mbili zinazofanana huongeza ukubwa tu, upana hauji.

Mwangwi unanipeleka mbali na msikilizaji.

Ucheleweshwe milisekunde 30 hadi 60 ili neno lisikike kwanza, na ukatwe chini ya hezi 200.

Mastaringi, yaani umaliziaji wa mwisho wa wimbo, iwe na ukubwa gani wa sauti?

Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kuelekea LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliobanwa kupita kiasi utashushwa tu, huku pumzi na minong'ono yako ikiwa imeshapotea. Vilele visizidi desibeli -1.

Biti imekamilika, lakini kiitikio kiko juu mno kwangu.

Ufunguo ulipaswa kuchaguliwa kwa sauti na kinanda peke yake, kabla ya biti. Noti ya juu kabisa ikae pale koo linapoanza kukaza bila kupasuka. Kushusha nusu toni moja kwa programu huvumilika. Zikifika tatu, ngoma hulegea na gitaa hupoteza uhalisia, hivyo ala zipigwe upya.