Jibu: R710 kuwa seva ya filamu nyumbani

Ndugu, umeuliza kama seva ya Dell PowerEdge R710, uliyoiona ikiuzwa kwa bei nafuu hapo Arusha, itafaa kuhifadhi filamu na muziki nyumbani kwako Moshi. Kazi itaiweza, ila gharama yake imejificha kwenye umeme: mashine ikila wati 150 usiku na mchana, hata pale ambapo hakuna anayetazama chochote, itamaliza uniti 108 za LUKU kwa mwezi wa siku 30. Feni zake nazo si za kuwekwa sebuleni.

Kabla ya kulipa, omba ifunguliwe uitazame kadi inayoendesha diski. Ikiwa ni PERC 6/i, haitumii zaidi ya terabaiti 2 kwa kila diski, hivyo diski kubwa utakazonunua baadaye zitakuwa hasara tupu. Prosesa zake za Xeon, kwa kuwa hazina sehemu ya michoro ndani yake, hubadilisha video za 4K (zenye picha kali sana) ziendane na kifaa cha mtazamaji kwa taabu sana. Mimi ningechagua kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye Intel Core i5 ya kizazi cha 7, ambayo hufungua video za HEVC ya biti 10 (namna ya kubana video) bila kuelemewa, kisha ningesimika Jellyfin, programu ya bure ya kupanga na kurusha filamu na muziki wako kwenye vifaa vya nyumbani. UPS, yaani betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, usiiache.